Soichiro Honda: mwana wa mfua chuma aliyefunga injini ku kinga

Jina lake tunalisoma kila siku. Liko ku motopompe zinazovuta maji mu mashimo, liko ku gurupu zinazowasha taa mu nyumba za Kadutu na Bagira umeme ukikatika, liko ku magari na ku pikipiki. Watu wengi wanafikiri Honda ni jina la kampuni tu. Hapana. Honda alikuwa mutu. Alizaliwa na mama, alichafuka mafuta ku mikono, alianguka na gari, kiwanda chake kilipigwa mabomu kisha tetemeko likamaliza kilichobaki, na alisimama mbele ya injini ya kuokota bila franga za kununua ingine.

Leo tunaelezea maisha yake, juu ndani yake kuko jambo linalotugusa sisi wa Kivu. Motari anayepanda toka Bukavu kwenda Walungu, Mwenga mpaka Kamituga, na mchimbaji aliyeweka franga pembeni mwezi kwa mwezi mpaka akapata pikipiki, wote wanafika siku moja ku garaji na swali lile lile: niongeze nguvu ya injini namna gani? Niweke silindri kubwa? Ninunue kabirateri kubwa? Niache hivi hivi? Na franga ile ya garaji njo ileile ya minervali ya watoto na ya unga. Ukikosea ku kabirateri, kosa linafika mpaka ku sahani ya nyumbani. Honda alipita mu swali hilo maisha yake yote, na mara nyingi alilipa bei.

Mtoto wa mfua chuma

Soichiro Honda alizaliwa tarehe 17 mwezi wa 11, 1906, mu kijiji cha Komyo, karibu na mji wa Hamamatsu, kule Japani. Baba yake, Gihei, alikuwa mfua chuma. Mama yake, Mika, alikuwa akifuma vitambaa. Makinga yalipoanza kuenea vijijini, Gihei aliona mbali: akawa ananunua makinga mabovu kwa bei ya chini, anayatengeneza, anayauza tena. Mtoto alikulia mu sauti ya nyundo na harufu ya chuma.

Masomo hayakumpendeza sana. Alichopenda ni kitu kinachozunguka. Gari la kwanza kupita kijijini, alilikimbilia nyuma, na pale lilipodondosha mafuta chini, alipiga magoti ili anuse. Kwa wengine ile ilikuwa uchafu. Kwake yeye ilikuwa harufu ya maisha yake yote.

Mwaka wa 1922, akiwa na miaka 15, alienda Tokyo kufanya kazi mu garaji iliyoitwa Art Shokai. Alifikiri atashika ufunguo siku ya kwanza. Wapi! Miezi ya mwanzo walimpa kazi ya kubeba mtoto wa bosi ku mgongo. Vijana wetu wanaoanza kazi ku garaji kwa kuosha vyombo na kutumwa chai wajue kwamba hawako peke yao. Alivumilia, akawa anaangalia mafundi kwa jicho la wizi, mpaka siku walipokosa mikono wakamwita chini ya gari.

Mwezi wa 9, 1923, tetemeko kubwa lilipiga Tokyo, na moto ukateketeza mji. Sisi wa Bukavu, tuliotikiswa tarehe 3 mwezi wa 2, 2008, tunajua ginsi ardhi inavyoweza kubadilisha maisha kwa dakika moja. Nyuma ya tetemeko, magari yaliyoungua yaliletwa ku garaji mengi mengi. Mafundi wakubwa wengi walikuwa wamerudi kwao. Honda alibaki, na mu mabaki yale njo alijifunza kazi: kufufua injini iliyokufa, kutengeneza kipande ambacho hakiko tena ku duka.

Bosi wake alipenda mashindano ya magari. Franga za kununua injini ya mashindano hazikuwako, basi walichukua injini ya ndege ya zamani, Curtiss ya Marekani, wakaifunga ku gari. Mwaka wa 1924 gari lile lilishinda mashindano, Honda akiwa amekaa pembeni ya dereva kama fundi wa ndani. Injini ilikuwa ya kuokota. Kazi ya kuipatanisha na gari njo iliyoshinda.

Ajali, na somo la segma

Mwaka wa 1928 bosi alimwamini, akamtuma kufungua tawi la garaji ile mu Hamamatsu. Alikuwa na miaka 21. Kazi iliendelea vizuri, akajenga gari lake la mashindano na injini ya Ford, akaipa nguvu kupita ile iliyotoka nayo kiwandani. Mwezi wa 6, 1936, ku uwanja wa Tamagawa, alikuwa anakimbia mbele ya wengine wakati gari lingine lilijitokeza njiani mwake. Gari lake lilipinduka. Yeye aliumia, ndugu yake mdogo aliyekuwa pembeni yake akaumia zaidi. Nguvu ya injini ilikuwako. Nafasi ya kusimama haikuwako. Motari anayefikiria paka mbio, asahau freni na matairi, akumbuke siku ile ya Tamagawa.

Nyuma ya ajali, Honda aliamua kuacha kutengeneza vitu vya wengine na kuanza kuunda vyake. Alichagua segma za pistoni. Kwa wale ambao hawajafungua injini: segma ni ile pete nyembamba ya chuma inayozunguka pistoni. Kazi yake ni kuzuia nguvu ya mlipuko isikimbie chini, na kuzuia mafuta ya injini yasipande juu kuungua. Segma zikichoka, pikipiki inatoa moshi wa bluu, inakula mafuta, inakosa nguvu ku mlima. Mwenye pikipiki anafikiri injini ni ndogo. Injini si ndogo, inavuja nguvu.

Honda alifikiri ni kitu chepesi, pete tu ya chuma. Alifanya kazi usiku na mchana, na segma zake zilitoka ngumu, zinavunjika, hazifai kitu. Alipokwenda kuuliza mu shule ya ufundi ya Hamamatsu, mwalimu alipima chuma chake akaona silikoni ndani yake ni kidogo. Honda hakujua hata kwamba silikoni inahitajika. Basi huyu bwana wa miaka 30, mwenye mke na wafanyakazi, akaenda kukaa darasani na vijana. Alisikiliza yale yaliyogusa segma, mengine akayaacha, mitihani hakufanya, na diploma hakupata. Alichotaka ni kujua, si karatasi.

Hata hivyo njia ilikuwa ndefu. Alipopeleka segma kwa Toyota, mu 50 zilizopimwa ni 3 tu zilikubaliwa. Alirudi, akatembelea viwanda na vyuo, akajifunza tena, mpaka segma zake zikakubaliwa kwa wingi.

Tuseme wazi neno hili kwa wanaotaka kuongeza nguvu kwa franga kidogo: mbele ya kununua silindri kubwa, pima kompresyo ya ile uliyo nayo. Segma mpya na supapi zilizopangwa vizuri zinaweza kurudisha nguvu uliyofikiri imekwenda, kwa bei ambayo iko mbali sana na bei ya injini.

Vita na injini za jeshi

Vita vilikuja. Mwaka wa 1944 ndege za Marekani zilipiga mabomu Hamamatsu, kiwanda kimoja cha Honda kikaenda. Tarehe 13 mwezi wa 1, 1945, tetemeko liliangusha kingine. Vita vilipoisha, aliuza yote yaliyobaki kwa Toyota kwa yen 450.000, na karibu mwaka mzima hakushika kazi kubwa yoyote. Alikaa, alitengeneza pombe ya nyumbani, alipiga filimbi, aliwaza.

Japani ya wakati ule tunaweza kuielewa sisi kuliko watu wengi. Njia zilikuwa zimeharibika, treni zimejaa watu mpaka juu, esansi inatolewa kwa karatasi ya serikali na haitoshi, chakula kinatafutwa mbali vijijini. Sachi, mke wa Honda, alikuwa anaenda na kinga kutafuta mchele, anarudi amechoka.

Mwaka wa 1946, kwa rafiki mmoja, Honda aliona injini ndogo ya jeshi, ya cc 50, iliyotengenezwa kuzungusha dinamo ya radio za askari. Vita vimekwisha, injini zile hazina kazi tena. Yeye aliona kinga la mke wake. Alifunga injini ku kinga, na kwa kuwa tangi hakuwa nayo, alichukua chombo cha chuma ambacho Wajapani wanatia maji ya moto ili kupasha kitanda, akakifanya tangi ya esansi. Sachi njo alikuwa wa kwanza kuliendesha mbele ya watu mjini, na alirudi na nguo zimelowa mafuta, juu kabirateri ilikuwa inarudisha esansi nje. Honda alitazama nguo za mke wake, akaenda kutengeneza kabirateri. Kipimo cha kwanza cha pikipiki za Honda kilikuwa nguo ya mama wa nyumba.

Watu walikuja toka mbali kununua. Injini zile za jeshi, karibu 500, ziliisha. Hapo njo alipaswa kuchagua: atafute ingine ya kuokota, ao aunde yake? Aliunda yake. Mwaka wa 1947 ilitoka injini aliyoita A, ya cc 50, ya kiharusi mbili. Watu waliipa jina bata-bata, kufuatana na sauti yake. Esansi ilikuwa shida bado, basi walichanganya ile kidogo iliyopatikana na mafuta yaliyotolewa mu miti ya misonobari. Ilikuwa ngumu kuwaka asubuhi, ilitoa moshi na harufu kali, lakini ilitembea. Honda alijua kwamba injini nzuri ni ile inayokubali mafuta ambayo mutu anaweza kuyapata, si yale yanayoandikwa mu kitabu.

Tarehe 24 mwezi wa 9, 1948, kampuni ilifunguliwa rasmi, na wafanyakazi 34 na mtaji wa yen milioni moja. Mwaka uliofuata alipata mwenzake wa maisha ya kazi, Takeo Fujisawa. Walikubaliana: Honda ashike vyuma, Fujisawa ashike franga. Honda alimwachia mpaka mhuri wa kampuni. Nyumba nyingi za wachimbaji zimesimama juu baba anajua shimo na mama anajua hesabu. Kampuni ile ilisimama vilevile.

Mlima wa Hakone

Pikipiki yao kamili ya kwanza, Dream D, ilitoka 1949. Ilikuwa ya cc 98, kiharusi mbili. Injini ya namna hiyo ni nyepesi na haina supapi, lakini inachoma mafuta ya injini pamoja na esansi, inatoa moshi, inakula zaidi. Wenye umri wanakumbuka Yamaha AG100 zilizokuwa zinazunguka vijijini kwetu: nguvu iko, lakini tangi haidumu. Wanunuzi wa Japani walianza kuchoka, na biashara ikashuka.

Honda na Fujisawa walichagua kwenda ku kiharusi nne. Pistoni inapanda na kushuka mara mbili ili mlipuko upatikane mara moja, supapi zinafungua na kufunga kwa zamu, mafuta ya injini yanakaa mahali pake. Ni vipande vingi zaidi, ni kazi zaidi ya kuunda, lakini mwenye kununua anafaidika kila siku anapojaza tangi. Waliita pikipiki hiyo Dream E: cc 146, nguvu ya farasi 5 na nusu.

Hawakuipeleka ku duka mbele ya kuipeleka ku mlima. Tarehe 15 mwezi wa 7, 1951, mvua kubwa ikinyesha, walienda ku mlima wa Hakone, ambako wakati ule magari mengi yalikuwa yanasimama njiani ili injini zipoe. Fundi kijana aliyeichora injini, Kiyoshi Kawashima, njo aliyepanda pikipiki. Honda na Fujisawa walifuata mu gari. Kawashima alipanda bila kusimama, akawaacha nyuma, akafika juu injini haijachemka. Wazee wawili walipofika walimkuta anawangojea na mvua, na wote watatu wakafurahi sawa watoto. Kijana huyo njo alikuja kuwa mkubwa wa kampuni miaka 22 baadaye.

Mlima ulikuwa mzani wao. Kwetu mlima hauko mbali: toka mjini tu, njia inapanda. Na hapa kuko siri ambayo mafundi wazuri wanaijua. Mutu anayebeba mizigo ku mlima, mara nyingi hahitaji injini ingine. Anahitaji pinyo. Ukibadilisha pinyo ndogo ya mbele ao ile kubwa ya nyuma, ili ya nyuma iwe na meno zaidi kuliko mbele, pikipiki inapoteza mbio kidogo ku tambarare lakini inapata nguvu ya kupanda na mzigo. Bei yake ni bei ya pinyo na mnyororo. Injini haikuguswa.

Mwaka wa kabirateri

Mwaka wa 1954 ulikuwa karibu kumaliza kampuni. Walikuwa wamenunua mashine za kazi za yen milioni 450 toka nje, mtaji wao ukiwa yen milioni chache tu. Skuta yao Juno haikupendwa, injini ndogo ya kinga ilianza kukosa wanunuzi. Na ile Dream iliyokuwa inawalisha, toleo la 4E, waliikuza injini mpaka cc 220 na kitu. Malalamiko yalianza kuja toka kila upande: injini haifanyi kazi vizuri, haieleweki. Watu wa kampuni walitafuta ugonjwa ndani ya injini mpya. Wanunuzi walirudisha pikipiki, Fujisawa akawa anahesabu franga za kulipa wenye deni.

Honda alitafuta mwenyewe, akakuta: ugonjwa ulikuwa ku kabirateri. Injini imekua, lakini kile kinachoilisha hakikupatana nayo.

Tusimame hapa kidogo, juu hili njo jambo lenyewe. Kabirateri ni mpishi. Inachukua hewa na esansi, inachanganya, inapelekea injini. Kipimo kinachofaa ni karibu kilo 15 za hewa kwa kilo moja ya esansi. Hewa inapita mu koo jembamba, inakimbia, na mbio hiyo njo inayovuta esansi mu tundu dogo tunaloita jigleri. Ukiweka kabirateri kubwa ku injini ndogo, koo linakuwa pana kupita kiasi, hewa inapita pole-pole, esansi inaingia kwa matone makubwa badala ya ukungu. Matokeo: pikipiki inakula sana na inakohoa unapoanza kupanda. Umelipa ili upate hasara. Na ukiweka silindri kubwa na kuacha jigleri ileile, esansi inakuwa kidogo kuliko hewa, injini inapata joto, pistoni inaweza kuyeyuka ao kukwama.

Tena tuko na jambo letu wenyewe: urefu wa nchi. Ziwa Kivu liko karibu metre 1.460 juu ya bahari, na mitaa ya Bukavu inapanda zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani. Pikipiki iliyopangwa kwa nchi ya chini, ikifika huku inapata esansi nyingi kuliko hewa: buji inakuwa nyeusi, moshi mweusi unatoka, nguvu inapungua. Hapo dawa mara nyingi ni jigleri ndogo kidogo, si kubwa. Na anayeteremka kila wiki mpaka Kamituga, kuliko chini, asiipunguze kupita kiasi.

Fundi anasoma buji sawa daktari anavyosoma ulimi. Ikiwa na rangi ya kahawia nyepesi, chakula kimepatana. Ikiwa nyeusi ya masizi, esansi ni nyingi ao filtre imeziba. Ikiwa nyeupe, esansi ni kidogo na injini inaungua. Kwa hiyo mwenye mfuko mwepesi aanze na visivyokula franga nyingi: kusafisha filtre ya hewa na kabirateri, kupanga supapi, kubadilisha buji. Kisha segma kama kompresyo imeshuka. Kisha pinyo. Kisha jigleri, moja-moja, si kubadilisha vitu vitatu siku moja, juu hautajua ni kipi kilichosaidia na ni kipi kilichoharibu. Jaza tangi, tembea njia ileile na mzigo uleule, jaza tena, andika litre ngapi zimekwenda. Silindri kubwa ije mwisho, na ikija, ijue kwamba itadai jigleri yake, freni yake, na mfuko wa esansi yake.

Filtre, tafadhali, isitolewe. Kuko wanaoitoa wakisema pikipiki ipumue. Vumbi la kiangazi la njia zetu likiingia ndani linasaga segma na silindri sawa msasa, na miezi michache baadaye unarudi ku garaji kulipa mara mbili.

Kisiwa cha Man

Mu mwaka uleule wa njaa, 1954, Honda alitangaza kwamba pikipiki zake zitashindana ku kisiwa cha Man, karibu na Uingereza, ambako mashindano makubwa ya pikipiki ya dunia yalikuwa yanafanyika. Watu walifikiri amepata wazimu. Alipoenda mwenyewe kuangalia, aliogopa: injini za Wazungu, kwa ukubwa uleule, zilitoa nguvu karibu mara tatu kuliko zake. Hakurudi mikono mitupu. Alinunua matairi, minyororo, kabirateri na vipande vingine ambavyo havikupatikana kwao, akabeba mizigo mpaka Japani ili mafundi wake wavifungue na kujifunza.

Miaka mitano ilipita. Mwaka wa 1959 walienda, na ku cc 125 walimaliza nafasi ya 6, 7, 8 na 11, wakapata zawadi ya timu. Mwaka wa 1961 walishinda ku cc 125 na ku cc 250, na ku kila mbio nafasi tano za mbele zilikuwa zao. Toka tangazo la 1954 mpaka ushindi huo ilipita miaka saba. Vijana wanaotaka pikipiki iruke kesho asubuhi wahesabu miaka hiyo.

Pikipiki ndogo iliyoshinda kubwa

Lakini kitu kilichomfanya Honda ajulikane mpaka mu vijiji vya dunia si pikipiki ya mashindano. Ni ile ndogo ya 1958, Super Cub. Fujisawa aliomba pikipiki ambayo mama anaweza kupanda na nguo yake, na kijana wa hoteli anaweza kuendesha kwa mkono mmoja, mwingine ukibeba chakula. Bei yake iwe ya mutu wa kawaida.

Wote walifikiri injini itakuwa ya kiharusi mbili, juu ku cc 50 ilionekana njo rahisi. Honda alikataa. Alitaka kiharusi nne, ya kunywa kidogo. Akapata nguvu ya farasi 4 na nusu mu cc 50, jambo ambalo halikuonekana mbele. Hakupata nguvu hiyo kwa kuongeza ukubwa. Aliipata kwa kupatanisha kila kitu: supapi, kabirateri, mzunguko wa haraka, uzito mdogo. Ambreyaji ilijiendesha yenyewe, magurudumu yakawa makubwa ya kutosha kwa njia mbovu. Iliuzwa yen 55.000. Mwaka wa 2017 hesabu ya Super Cub zilizotengenezwa ilifika milioni 100, na hakuna chombo kingine cha injini kilichofika hapo.

Pikipiki nyingi zinazobeba watu na mizigo leo mu Bukavu, hata zile zisizo za Honda, zinafuata njia hiyo: injini ndogo ya kiharusi nne, silindri moja, hewa ya kuipoza, vipande vinavyopatikana sokoni.

Kuondoka kwake

Mwaka wa 1973 Honda na Fujisawa waliacha kazi siku moja, bila kuachia watoto wao viti vyao. Kawashima, yule wa Hakone, njo alipokea. Honda alianza safari ya kuzunguka Japani, kisha nje, ku viwanda na ku maduka, ili ashukuru wafanyakazi mmoja-mmoja kwa mkono. Kuko mfanyakazi aliyeficha mkono wake juu ulikuwa na mafuta. Honda aliushika hivyo hivyo, akafurahi na harufu, ileile aliyonusa chini akiwa mtoto.

Alikufa tarehe 5 mwezi wa 8, 1991, akiwa na miaka 84. Mbele ya kufa aliomba kampuni isimfanyie mazishi makubwa, kwa sababu magari ya watu wangejaa njiani na kusumbua wengine. Mutu aliyejaza dunia na injini hakutaka mazishi yake yazuie njia hata saa moja.

Wasomaji wetu wa mashimo na familia zao, siku mtakaposimama ku garaji ya Nyawera ao ya Kadutu na franga mkononi, ombeni fundi afungue kwanza, apime, asome buji, mbele ya kuuza kitu. Fundi mzuri hatakasirika. Na kama mnaweza, nendeni na yule anayeshika hesabu nyumbani.